Kukimbia vita hakuondoi kura

Tarehe 20 Desemba 2023, wakaaji wa Goma walichagua washauri wa komini, mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006. Masisi haikupiga kura: vita viliizuia.

Sheria inasema hivi: raia huchagua washauri wa komini; hao huchagua washauri wa mji; nao humchagua meya. Basi ngazi ya kwanza ni wewe.

Mama uliyekimbia, haki yako haikubaki kijijini. Kifungu cha 5 cha Katiba kinampa kura kila Mkongomani wa miaka 18, mwenye haki zake za uraia. Wazee na machifu, anayeomba kuandikwa asiulizwe kabila. Kura yenu ilizuiwa na vita, si na jirani. Tunzeni kadi, tunzeni ujirani.