Hesabu ya Digrii ya Mawasiliano
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kisumu)



Mwezi uliopita wanachama watatu walifika mbele ya kamati ya mikopo kwa shauri moja. Kila mmoja ana mtoto aliyeitwa Chuo Kikuu kusoma mawasiliano, yaani kazi ya magazeti, redio, televisheni na uhusiano mwema. Wa nne ni mimi. Kwa hiyo sikusimama hapa kuwafundisha, bali kuwaonyesha hesabu niliyoipiga nyumbani na binti yangu mpaka saa tano ya usiku.

Kwanza gharama. Tangu mwaka 2023 Serikali iligeuza mpango wa kulipia vyuo vikuu: mwanafunzi hupangwa kwa kadiri ya uwezo wa jamaa yake, hupewa msaada na mkopo, na salio humwangukia mzazi. Mpango huo umeshindaniwa mahakamani, basi msitegemee maneno ya jirani. Someni barua ya mtoto wenu wenyewe.

Lakini karo ni sehemu tu. Maseno ni kama maili 15 kutoka hapa mjini. Tulipima nauli ya matatu kila siku ya masomo, tukapima na kodi ya chumba. Chumba kilikuwa nafuu kidogo, ila chumba hutaka godoro, jiko na sufuria, na omena wa kupikwa mara mbili, kule na nyumbani. Tena masomo haya yana vyombo vyake, kompyuta ya kubeba na simu yenye kamera nzuri, navyo mtoto hawezi kuazima kila siku. Ongezeni miaka minne ambayo kijana haleti hata senti.

Sasa mkopo. Halmashauri ya HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Tuseme mtoto amekopa shilingi 40,000 kila mwaka kwa miaka minne. Deni ni 160,000, na riba ya mwaka mmoja ni 6,400. Hiyo si riba ya kutisha. Wako watu mjini humu wanaotukopesha kwa riba kali zaidi ya hiyo. Lakini deni huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya masomo, na asiyelipa huandikiwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 60,000, zaidi ya mara tisa ya riba ile. Basi kinachouma si kukopa. Kinachouma ni kumaliza masomo na kukaa bila mshahara.

Je, mshahara uko wapi? Nilipoanza kazi gatini, wachukuzi walilipwa kwa gunia. Siku isiyo na mzigo walirudi nyumbani mikono mitupu. Nilidhani wasomi hawayajui mambo hayo. Kumbe waandishi wengi walio nje ya Nairobi hulipwa kwa habari moja moja. Ikichapwa hulipwa, isipochapwa nauli ya kwenda Homa Bay ni hasara yake mwenyewe. Chama cha waandishi wa habari kipo tangu mwaka 1962, lakini mapatano ya mishahara humlinda aliyeajiriwa. Mwenye kulipwa kwa habari mara nyingi hubaki nje ya uzio.

Hata aliyeajiriwa hana hakika. Mwaka 2016 kampuni ya Nation ilifunga QTV, QFM na Nation FM. Matangazo ya biashara yamehamia kwenye intaneti, na ndiyo yaliyokuwa yakilipa mishahara. Hapa Kisumu wengi waliosoma mawasiliano walipata kazi katika miradi ya afya ya wafadhili. Mwaka 2025 Marekani ikaifunga USAID, na miradi mingi ikafa pamoja nayo. Serikali za kaunti, tangu 2013, nazo huajiri maofisa wa habari, ila viti ni vichache kuliko wanaovitaka.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini nikamwambia binti yangu achague kazi nyingine. Akanijibu, “Baba, umehesabu wanaoshindwa tu. Nipe juma moja.” Akaenda kuwauliza watu watatu waliomaliza masomo hayo, si kuhusu vyeti vyao bali namna wanavyolipwa. Mmoja hana kazi. Wa pili hulipwa kwa habari. Wa tatu yumo redioni kwa mkataba, mshahara wa kila mwezi. Huyo alisema hakuajiriwa kwa digrii peke yake. Alijua kutengeneza sauti, kuandika Kidholuo safi na kuuza matangazo.

Tukazungumza pia juu ya diploma. Nairobi kuna chuo cha KIMC, kilichoanza mwaka 1961, na diploma huchukua muda mfupi kuliko digrii. Mimi bado naiona ndiyo njia bora. Yeye anataka digrii, na maisha ni yake. Tumepatana hivi: ng'ombe hauzwi, shamba haliguswi, nakopa kwenye chama sehemu yangu ya mwaka wa kwanza tu, na kila likizo ataomba nafasi ya kujifunza kazi redioni. Mwakani tutaitazama karatasi upya.

Wadhamini wangu wawili wamo ukumbini humu. Nimewaonyesha karatasi hiyo hiyo, kwa maana nikishindwa mimi watakatwa wao. Mmoja ametia sahihi. Wa pili bado anafikiri, nami sikumlaumu.