Neno la Kikundi: Mlango au Ukuta?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Malindi na Kilifi)



Leo tuongee juu ya yale maneno tunayoyapaza tukifungua mkutano. Tunayaita kaulimbiu. Kauli ni usemi. Mbiu ni pembe iliyokuwa ikipigwa kuwaita watu wakutane. Ndiyo maana wazee husema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Pembe ile haikuchagua masikio. Kila aliyesikia, alikuja.

Harambee nayo twaijua. Ni mwito wa watu wa kazi wa pwani, wakivuta pamoja kitu kizito. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta aliufanya mwito wa taifa zima, na hadi leo umeandikwa kwenye nembo ya Kenya.

Lakini kuna neno la namna nyingine. Someni Waamuzi 12. Wagileadi walishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka alitakiwa kutamka Shibolethi. Waefraimu hawakuiweza ile "sh", wakasema Sibolethi, wakauawa. Biblia yasema walikufa watu 42,000. Na hilo neno maana yake nini? Ni suke la nafaka tu! Neno la chakula likageuka neno la kifo, tena kati ya ndugu, wote Waisraeli.

Je, sisi hatuna Shibolethi zetu? Katika kikundi kimoja tulichotembelea, mama mmoja alitoa kaulimbiu kwa lafudhi ya Kigiriama, wenzake wakacheka. Mkutano uliofuata hakuja, wala mchango wake haukuja. Hakuna aliyemfukuza. Kicheko ndicho kilichofunga mlango.

Siri ina mahali pake. Namba ya siri ya M-Pesa ya kikundi ilindwe sana, maana inalinda jasho la watu. Lakini kaulimbiu si ya kulinda mlango. Ni ya kuita.

Kwetu pwani neno la mlangoni ni hodi. Yeyote hulisema, kwa lafudhi yoyote, naye hujibiwa karibu. Basi kaulimbiu zetu ziwe hivyo.

Maswali ya kujadili:
1. Kaulimbiu yetu inamwita nani? Inamwacha nani nje?
2. Ni nani aliyeacha kuja, na nani atakwenda kumpigia hodi wiki hii?