Vidole Viwili, Gitaa Moja
Maneno ya wapiga besi siku ya jubilei

Tumepewa dakika chache nasi hatutazipita.

Mnatuona hapa mbele tukipokezana gitaa la besi, mmoja wa Kibera, mwingine wa Kawangware. Gitaa hili lilikaribia kuuzwa, na kosa lilikuwa letu. Tulipiga kwa kidole gumba, kwa nguvu, tukiiga benga ya kina Shirati Jazz tuliyokua tukiisikia mitaani. Kwenye benga besi hukimbia, na inapendeza. Kwenye nyimbo zetu iliwameza kina alto, wakawa wanaimba noti ya soprano. Mzee mmoja akasema kinanda kina besi yake ndani, gitaa liuzwe tushone sare. Tukaomba miezi mitatu.

Kaka mmoja wa Kawangware akatufundisha upya. Gumba likatulizwa juu ya kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi. Kazi ikawa ya kidole cha shahada na cha kati, kwa kupokezana, kama mtu anavyotembea. Kidole kikishavuta uzi kinatua kwenye uzi mnene uliopo jirani. Kuhama uzi bila kurudia kidole kile kile ndiko kulikotutoa jasho. Malengelenge yalipasuka, sugu ikaota.

Gitaa lililala Kibera wiki moja, Kawangware wiki ya pili. Tulilibeba kwa miguu, Ngong Road hadi Dagoretti Corner, kisha Naivasha Road. Stima ikipotea, tuliegemeza kichwa cha gitaa kwenye meza ya mbao. Meza hutetemeka na noti zikasikika bila spika. Mama mwenye meza alilalamika chai inamwagika, na alikuwa na haki.

Gumu kuliko yote lilikuwa kunyamazisha. Uzi wa besi ukiachwa huendelea kulia hadi uichafue noti inayofuata. Mkono wa kushoto hulegea kidogo bila kuuachia uzi, sauti ikakatika pale mwimbaji anapovuta pumzi. Jumapili ya kwanza tuliyoweza hilo, mzee yule yule aligeuka kutazama kama tumezima spika. Kisha akawasikia kina alto.

Sare mnazovaa leo zilichelewa mwaka mzima kwa sababu yetu, mtusamehe. Wimbo wa tatu unaanza na besi peke yake. Kina alto, tafadhali msituangalie vidole.