Bima ya Afya Baada ya Kustaafu
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Nimeombwa niseme juu ya bima ya afya kwa mtu aliyestaafu. Mimi nilikuwa mwalimu. Miaka yote ya kazi sikulipa bima kwa mkono wangu. Ilikatwa kwenye mshahara. Mshahara ulipokwisha na makato yakaisha, nami sikuwaza. Nilikuja kujua mke wangu alipolazwa. Tuliuza ng'ombe wa maziwa.

Wakati huo ilikuwa NHIF. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 hiyo haipo tena, tuna SHA. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake, maji, choo na kadhalika, halafu huambiwa kiasi chake. Hakipungui shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600 au zaidi. Hapo ndipo wazee hukwama.

Ukishajiandikisha, kwa simu *147#, matibabu ya zahanati na kituo cha afya hulipiwa na serikali. Lakini ukilazwa hospitali kubwa na mchango hujatoa, bili ni yako.

Mwingine atasema, "Kijana wangu ameandikwa kazi Nairobi, nitatumia bima yake." Hapana, mzee. Ile ni yake, mkewe na watoto wake. Anaweza kukutolea pesa, lakini zilipwe kwa jina lako.

Na bima za kampuni, za kuongezea? Kabla ya kutoa hata senti, ulizeni: mwisho wa kujiunga ni umri gani? Sukari au presha niliyo nayo tayari mtailipia, na kuanzia lini? Wengi wetu tutakuta mlango umefungwa.

Kwa hivyo nyongeza yetu ni kikundi. Kila mmoja akiweka shilingi 75 kwa wiki, mwaka ukiisha ana 3,900. Zile 3,600 ziende SHA, na 300 zibaki kwenye sanduku kwa nauli na chakula cha anayemuuguza mgonjwa, maana hayo bima hailipi. Aliyepangiwa zaidi, aongeze. Mweka hazina aandike tarehe ambayo mchango wa kila mtu unakwisha, siyo pesa tu.

Mkutano ujao kila mtu aje na kitambulisho na simu. Tutaanza na waliostaafu.