Mbele ya kurudi Pweto



Kila mara tukishuka Lubumbashi swali ni lile lile: Pweto iko namna gani sasa? Leo tujibu, maana jamaa zingine zimeanza kufunga mizigo.

Pweto iko mwisho wa Ziwa Mweru, pale mto Luvua unatoka kwenda kukutana na Lualaba ku Ankoro. Ng'ambo ni Zambia. Batu ba pale balivuka tangu zamani, juu ya samaki, ndoa na kilio. Mu Desemba 2000 vita ikafika, njia ile ya kilio ikakuwa njia ya kukimbia. Bengi benu mulipitisha miaka mu kambi ya Mwange na ya Kala. Kurudi kukaanza 2007. Kambi zote mbili zikafungwa 2010. Halafu 2017 bengine bakakimbia tena, bakafika Mantapala.

Leo soko iko, chisense inakaushwa juu ya mchanga, masomo inafunguliwa. Lakini mama akirudi, neno lake la kwanza ni: mayi iko wapi?

Pompu ziko. Tumeona zingine zimelala juu ya mpira mmoja wa ndani umekwisha. Kibao chenye jina la mfadhili kinangaa vizuri, lakini funguo ya kufungulia boloni hakuna anayeiweka. Hapo bamama banarudia mayi ya ziwa, na ku Mweru kolera haiko mugeni. Kwa hiyo tunaomba bafadhili: mbele ya kuchimba kisima kipya, mutoe feza ya vipuri, na ya kufundisha batu babili wa mugini, mmoja akuwe mama.

Shamba ni neno gumu zaidi. Lile muliacha, mwengine analima, pengine chefu alimupa kwa haki. Musifike na jembe. Mufike kwa chefu pamoja na muzee anayejua mipaka, na mukipatana, iandikwe, mashahidi batie mukono. Tumeona bandugu ba damu bakikosana kwa mistari kumi ya mihogo.

Na barabara ya Kasomeno mvua ikianza inaharibika. Basi mtu mmoja wa kila nyumba atangulie sasa, aone mayi na shamba, ndipo batoto bafuate.