Mlango Uliokuwa Unang'ata
Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi, siku ya kutimiza miaka kumi

 

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wapo wenzetu tulioanza nao ambao hatunao tena. Mungu awalaze mahali pema.

Habari za hisa, mikopo na marejesho atazisoma Mweka Hazina, na zimeandikwa kwenye kitabu hiki. Mimi sitazirudia. Mimi nimeishia darasa la saba, hesabu zangu ni za kuuza karanga na kulipa ada. Nimeomba dakika zangu niseme jambo jingine, nalo ni hizi shida za nyumbani ambazo mtu anaziangalia asijue zimetoka wapi. Wengi mnajua kwamba siku ya Jumamosi, tukishafunga sanduku, akina mama hawaondoki. Mmoja anatoa pasi kwenye kikapu, mwingine taa ya sola, mwingine anasema bati lake linavuja na fundi amepanda mara tatu. Tunakaa tunahangaika pamoja. Baadhi ya wanaume wa mtaa huu walitucheka mwanzoni, siku hizi na wao wanatuma watoto walete redio.

Nianze na cherehani, maana ndiyo iliyotufundisha. Tulipokuwa na cherehani mbili tu, moja ikawa inajaza nyuzi chini ya kitambaa, nyuzi zinasongamana kama kiota cha ndege. Sisi tukawa tunafungua chini, tunatoa bobini, tunapuliza vumbi, tunarudisha. Wapi! Fundi mmoja akala pesa yetu, naye alifungua huko huko chini. Baadaye mama mmoja, aliyewahi kushona mjini Dodoma, akaja akainua ule mguu unaokandamiza nguo, akatoa uzi wa juu wote, akaupitisha upya. Cherehani ikashona. Kumbe ukipitisha uzi wa juu huku mguu umeshushwa, vile visahani vinavyoukaza uzi vimebana, uzi haungii katikati yake. Uzi wa juu unakuwa umelegea, na ulegevu wake unaonekana chini. Uchafu ulikuwa chini, kosa lilikuwa juu. Tulicheka siku ile. Laiti tungelikumbuka jambo hilo baadaye.

Sasa nakuja kwenye neno lililonileta. Ni neno la aibu, na nimelitolea ruhusa kwa mwenyewe kabla ya kulisema.

Chumba chetu cha cherehani kiliingizwa umeme. Tukinunua LUKU ya shilingi elfu tano tulikuwa tunapata kama yuniti 14, zinakaa wiki tatu. Taa mbili, pasi kidogo, cherehani moja ya mota, basi. Mwanzoni mwa mwaka 2020, mnakumbuka mvua zilivyokuwa nyingi, umeme ukaanza kuisha kwa siku nne au tano. Elfu tano nyingine, siku nne. Pesa ilikuwa inatoka kwenye mfuko wa jamii, ule ambao tunamsaidia mtu akifiwa au mtoto akilazwa. Mwezi wa tatu mwanachama alifiwa, tukafungua mfuko, haukutosha hata sanda na usafiri. Jamani, wanawake walinuna.

Ufunguo wa chumba alikuwa nao mwenzetu mmoja. Basi maneno yakaanza. Anachajisha simu za watu usiku. Hapana, ana jiko la umeme, anapika chakula cha kuuza. Mwingine akasema amemwona taa inawaka saa tano. Hakuna aliyekwenda kuangalia. Tukaitisha kikao, mimi nikiwa kwenye kiti. Akakataa, akalia, akaapa kwa watoto wake. Tukamkata faini kwenye hisa zake, tukamnyang'anya ufunguo. Mwezi wa nne akatoka kwenye kikundi. Akawa akiniona sokoni anapita upande wa pili.

Na sasa sikilizeni jinsi akili inavyoweza kukudanganya. Alipotoka, umeme ukatengemaa. Mwezi wa tano, wa sita, wa saba, elfu tano inakaa wiki tatu kama zamani. Tukaambiana, mmeona? Mwizi ameondoka. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, tena kwa sauti.

Likaja jambo lingine ambalo hatukuliunganisha. Ule mlango wa nyuma, wenye fremu ya chuma, watu walikuwa wakiugusa wakiwa miguu pekupeku wanasikia ganzi hadi kwenye kiwiko. Tulisema mlango unang'ata. Wengine wakasema yule aliyetoka ametuwekea kitu. Alipatikana hata mtu wa kuleta dawa ya kunyunyiza mlangoni. Sitamtaja, amekaa hapa mbele na kitenge kizuri.

Mwezi wa kwanza 2021 mvua zikarudi. Umeme ukaanza kuisha kwa siku nne. Ufunguo ninao mimi. Chumba nakifunga mimi. Usiku ule sikulala, wenzangu. Nilijilaza nikawa najiuliza: kama mwizi ni yeye, sasa anayeiba ni nani?

Asubuhi nikaenda peke yangu. Nikazima taa zote, nikachomoa pasi, nikachomoa cherehani. Nikaenda kwenye mita. Kile kitaa chekundu cha mita huwa kinamweta kadiri umeme unavyotumika. Kilikuwa kinamweta, na hakuna kitu kilichowashwa! Nikazima meni swichi. Kikatulia. Hapo nikajua mita haina kosa, na hakuna jirani aliyejiunganishia kabla ya swichi yetu. Umeme unatokea humu humu ndani. Nikashusha zile swichi ndogo zote ubaoni, nikarudisha meni, kisha nikaanza kupandisha moja moja na kusubiri. Ya soketi, kimya. Ya taa za ndani, kimya. Ya taa ya nje ya nyuma, kitaa kikaanza kumweta. Nikaishusha nikaiacha hivyo hivyo, nikamwita fundi wa umeme mwenye leseni. Sikugusa waya, na ninawaomba msiguse.

Fundi alifungua ukuta juu ya mlango wa nyuma. Panya walikuwa wameula waya. Pale pale tofali limelowa chepechepe, na unyevu umeshuka hadi kwenye fremu ya mlango. Umeme ulikuwa unapita kwenye ule unyevu, unaingia kwenye chuma, unashuka ardhini, mchana na usiku. Kiangazi ukuta ukikauka, umeme haupiti. Ndiyo maana ulitengemaa mwezi wa tano. Alitufanyia hesabu kwa mkaa ukutani: yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Ukipotea umeme wa wati 100 tu, sawa na ile balbu kubwa ya zamani, kwa saa 24 ni yuniti 2.4. Weka na matumizi yetu, yuniti 14 zinaisha kwa siku nne na ushei.

Akasema pia kwamba tumshukuru Mungu hajafa mtoto. Mlango ukikutia ganzi siyo mambo ya watu, ni umeme unavuja. Zima meni, toka, ita fundi. Ametufungia na kifaa kinachokata umeme chenyewe ukivuja, hicho ningetaka kila nyumba ya mwanachama iwe nacho kabla ya kununua televisheni.

Na maji yalitoka wapi? Tulipanda juu tukaona misumari ya bati imepigwa bondeni, pale maji yanapopita, badala ya mgongoni. Tena tundu halikuwa juu ya mlango. Lilikuwa kama hatua tatu kutoka hapo, maji yanaingia, yanatembea kwenye mbao ya kenchi, yanadondokea ukutani. Ndiyo maana mafundi wanaziba mahali maji yanapodondokea na bati linaendelea kuvuja. Ukitaka kupata tundu, ingia ndani saa sita mchana jua likiwa kali, funga milango na madirisha, tazama juu. Penye tundu utaona nukta ya mwanga. Pitisha unyasi mgumu utokeze nje, halafu mwenye kupanda na lami ataona unyasi.

Basi: msumari, maji, panya, waya. Na sisi tulikuwa tumekwenda moja kwa moja kwa mtu.

Nilikwenda kwake na Katibu, jioni. Hatukukaribishwa kukaa, tulisimama uani. Nilimwambia, mdogo wangu, tumekukosea, nami ndiye niliyekuwa kwenye kiti. Tulimrudishia faini yake, na fungu lake la mgawo wa mwaka ambalo angelipata asingetoka. Alizihesabu mbele yetu, mara mbili. Akasema, "Za faini zimetimia. Na mwaka mzima watu wananiita mwizi mnaurudisha kwa shilingi ngapi?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Alirudi baada ya miezi minane, kwa hiari yake. Na sisi tumeongeza kifungu kwenye katiba: hakuna mwanachama atakayekatwa faini kwa kitu kilichopotea mpaka watu watatu wawe wamekwenda kuangalia kwa macho na kuandika walichokiona.

Kwa kuwa nimeitaja LUKU, niseme mawili ambayo yanaulizwa kila Jumamosi. Kwanza, ukinunua umeme ukapata pungufu, usianze kuvunja ukuta kama mimi. Soma kwanza ile karatasi au meseji. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humo, na kama miezi miwili hukununua, ukinunua inakatwa ya miezi yote. Pili, mwaka 2024 mita ziliporekebishwa watu walipata tarakimu 20 mara tatu badala ya mara moja, bibi mmoja wa hapa akaingiza kundi la mwisho peke yake, mita ikakataa, akakaa gizani siku tatu akidhani amelogwa. Yale makundi mawili ya mwanzo yalikuwa ya kubadilisha mita yenyewe, la tatu ndilo lenye yuniti. Yalitakiwa kuingizwa kwa mpangilio wake.

Nisipolisema hili la mahindi nitakuwa sijatimiza wajibu. Mwaka 2016 katika mkoa wetu wa Dodoma na jirani zetu Manyara, watu waliugua ghafla: kutapika, tumbo kuvimba, macho ya manjano. Waliougua walikuwa 68, waliokufa 20. Ilianzia Chemba, na mwanzoni hakuna aliyejua ni nini, na mnajua familia moja ikiugua yote watu wanasema nini. Wataalamu walipopima wakakuta ni sumukuvu, kwenye mahindi ya watu wenyewe, waliyolima wenyewe. Ukungu ule hutoa sumu ambayo haifi kwa kupika. Ugali utauchemsha, sumu itabaki.

Kwa hiyo msianike chini kwenye udongo, tandikeni turubai. Punje zenye ukungu, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu zichaguliwe zitupwe, na msimpe ng'ombe, maana inarudi kwenye maziwa. Kujua kama mahindi yamekauka, chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi theluthi, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja au mbili, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, usiyatie kwenye gunia. Isipoganda unaweza kuhifadhi. Mimi huwa nayarudisha juani siku moja zaidi, wanangu wananicheka. Na karanga vilevile zinahitaji uangalifu huo, nasi hapa Mpwapwa karanga tunakula kila siku.

Nimeambiwa muda umekwisha, Mgeni Rasmi ana safari. Naomba nimalize kwa tangazo. Jumamosi ijayo chumba kitafunguliwa saa nane mchana kama kawaida, leteni pasi, taa na vibirika vilivyoganda chumvi, tutaviloweka kwa ndimu. Asiye mwanachama pia aje. Atakayechelewa asinigongee mimi nyumbani. Ufunguo sinao, amerudishiwa mwenyewe.