Shukrani kwa Mwalimu Wetu
(Hotuba iliyosomwa kwenye harambee ya mwaka ya wana Mogitu)



Kabla ya kuchangia, tunaomba tumshukuru mwalimu mmoja. Profesa Issa Shivji alianza kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, akastaafu mwaka 2006. Sisi tuliosoma uhasibu Mlimani miaka yake ya mwisho hatukuwa wanafunzi wake wa sheria. Tulimfuata kwenye mihadhara, tukasimama nyuma kwa kukosa viti. Kupitia kazi zake tukaanza kuielewa habari ya wilaya yetu wenyewe.

Kijiji cha Mulbadaw, kwetu Hanang, kiliishitaki NAFCO kwa ardhi iliyochukuliwa kulima ngano. Mwaka 1984 Mahakama Kuu, Arusha, ilikipa kijiji ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua: kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile. Watu walikuwepo, makaburi ya wazee yalikuwepo, karatasi haikuwepo.

Mwaka 1991 Profesa aliteuliwa kuongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi. Tume ilikwenda vijijini, ikawasikiliza wakulima na wafugaji hadharani. Ilipendekeza ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji. Serikali haikukubali yote. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo.

Ndugu zetu, tuseme ukweli. Kila mwaka tumechangia madarasa na madawati, na sisi wahasibu tumehesabu kila mfuko wa saruji. Hatujawahi kuuliza kama maeneo ya shule zetu yamepimwa na mipaka yake imeandikwa. Kosa hilo ni letu, na tulikuwa na mwalimu wa kutuonya.

Kwa hiyo mchango wa mwaka huu tunaomba uende kwenye upimaji, na mihtasari ya mikutano itunzwe vizuri. Mwakani tutasoma hesabu mbele yenu, stakabadhi zikiwa mezani.

Profesa, asante. Wana Mogitu, karibuni tuchangie.